Jina la Chuo Lina Uzito Gani katika Ajira za Fedha? Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea kuhusu ajira za fedha zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: je, jina la chuo ndilo linaloamua nani ataajiriwa? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wasomaji wengi zaidi, na tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchumi katika chuo kikuu cha umma ambacho hakijulikani sana. Alama zangu ni za daraja la kwanza. Niliomba mafunzo ya kiangazi katika benki kadhaa kubwa za uwekezaji, na zote zimenikataa bila usaili, nyingine ndani ya saa chache tu. Rafiki yangu wa sekondari, ambaye alama zake ni za chini kuliko zangu lakini anasoma chuo chenye jina kubwa, ameitwa na benki mbili. Je, ni jina la chuo tu? Na kama ndivyo, nifanye nini?
*Mwanafunzi wa uchumi*

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kiasi kikubwa ulichokiona ni kweli, na sitakuficha. Katika benki kubwa za uwekezaji (zile zinazosaidia kampuni kupata mitaji na kununuana), mifuko ya mitaji binafsi inayonunua na kuuza kampuni, na baadhi ya kampuni zinazosimamia mali za wawekezaji, jina la chuo ni kichujio cha kwanza, na mara nyingi kichujio hicho hufanya kazi kabla mtu yeyote hajazitazama alama zako. Lakini ni muhimu uelewe kinachopimwa hapo. Ukidhani kinachopimwa ni akili yako, utakata tamaa bure. Ukidhani ni ubora wa mafundisho, utapeleka nguvu zako mahali pasipo na faida.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2024 Goldman Sachs, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, ilipokea maombi zaidi ya 300,000 ya mafunzo yake ya kiangazi, na waliochukuliwa hawakufika asilimia moja. Hakuna idara ya ajira inayoweza kulisoma rundo kama hilo kwa makini, kwa hiyo hutafutwa alama ya haraka ya kupunguza watu. Mwanauchumi Michael Spence alilieleza jambo hili mwaka 1973, katika kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001: mwajiri asiyeweza kuuona uwezo wa mwombaji hutazama ishara ambayo ni vigumu kuipata kwa asiye na uwezo huo. Kuingia katika chuo kinachowakataa walio wengi ni ishara ya namna hiyo, hata kama masomo yanayofundishwa humo hayatofautiani sana na yale unayoyasoma wewe.

Mwanasosholojia Lauren Rivera wa Chuo Kikuu cha Northwestern aliwahoji watu 120 wanaohusika na kuajiri katika benki za uwekezaji, kampuni za ushauri wa biashara na kampuni za mawakili nchini Marekani. Kilichojitokeza ni kwamba wengi wao hawakujali sana mwanafunzi alifundishwa nini. Walichokithamini ni kwamba alikubaliwa kuingia. Ina maana kwamba kamati ya udahili, iliyomchagua mtu akiwa na umri wa miaka 17 au 18, ndiyo iliyokuwa ikiwafanyia waajiri kazi ya kuchuja. Kampuni hizo zilikuwa na orodha za vyuo lengwa, na maombi yaliyotoka nje ya orodha, bila mtu wa ndani wa kuyasukuma, mara nyingi hayakusomwa. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete; hapa pete huvikwa kabla chanda hakijatazamwa. Majina yanayojirudia katika orodha za aina hii yanafahamika: Marekani ni Harvard, Princeton, Yale na hasa Wharton, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Uingereza ni Oxford, Cambridge, London School of Economics, Imperial College na Warwick, Ufaransa ni HEC Paris, Italia ni Bocconi, na Uswisi ni St. Gallen.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi kwako, ni kalenda. Nafasi nyingi za kudumu wanazopewa wahitimu katika benki hizi hujazwa na watu waliokwisha kufanya mafunzo ya kiangazi ya takriban wiki kumi, na nchini Marekani maombi ya mafunzo hayo hufunguliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mafunzo yenyewe. Uingereza kuna programu fupi za majira ya kuchipua kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wanaofanya vizuri humo hupewa nafasi ya mapema katika mafunzo ya mwaka unaofuata. Isitoshe, benki nyingi hupitia maombi kadiri yanavyoingia, kiasi kwamba anayeomba siku ya mwisho huomba nafasi ambazo nyingi zimekwisha kugawiwa. Katika chuo lengwa mwanafunzi huyajua haya tangu wiki zake za kwanza, kwa sababu benki huja chuoni, wanafunzi wa mwaka wa tatu huwasimulia wa mwaka wa kwanza, na vilabu vya uwekezaji huwafundisha wanachama namna ya kujibu maswali ya usaili. Rafiki yako huenda hakukuzidi akili wala bidii. Alikuzidi kwa taarifa, kwa wakati, na kwa kuwa mahali ambapo waajiri huja wenyewe.

Taarifa na wakati ni vitu unavyoweza kuvipata. Andika tarehe za kufunguliwa kwa maombi ya kila taasisi unayoitaka na utume maombi katika siku za mwanzo. Jifunze kusoma taarifa tatu za hesabu, yaani mizania, taarifa ya mapato na matumizi, na taarifa ya mtiririko wa fedha, hadi uweze kueleza bila kusita jinsi badiliko katika taarifa moja linavyogusa nyingine mbili, kwa sababu swali hilo huulizwa karibu katika kila usaili wa benki ya uwekezaji. Kisha chagua kampuni moja iliyoorodheshwa katika soko la hisa, ichambue, uitengenezee makadirio katika Excel, na uandike kurasa chache ukieleza kwa nini hisa zake ni ghali au ni rahisi. Kazi ya namna hiyo mtu anaweza kuishika, kuisoma na kukuuliza maswali juu yake. Mwanafunzi wa chuo kisichojulikana anahitaji kitu cha kuonyesha kuliko anavyohitaji maneno mazuri ya kujisifu.

Mitihani ya kitaaluma nayo husaidia, lakini ujue inasaidia wapi. Mtihani wa ngazi ya kwanza kati ya tatu za CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, huruhusiwa hata kwa mwanafunzi anayekaribia kuhitimu, na huheshimiwa sana katika uchambuzi wa hisa na usimamizi wa mitaji, ila hautakufungulia wenyewe mlango wa idara inayoshughulikia miungano na ununuzi wa kampuni. Kwa anayetaka kufanya kazi ya kuuza na kununua dhamana kama hisa na hati fungani nchini Marekani, upo mtihani wa utangulizi wa FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa dhamana huko, unaoitwa SIE, ulioanza mwaka 2018, ambao mtu yeyote mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anaweza kuufanya bila kudhaminiwa na mwajiri.

La mwisho, tazama milango ambayo jina la chuo lina uzito mdogo. Ukaguzi wa hesabu, uchambuzi wa mikopo katika benki za biashara, usimamizi wa hatari, bima na takwimu zake: huko nafasi ni nyingi zaidi, na mitihani ya kitaaluma huwapima wote kwa kipimo kimoja. Mkaguzi aliyekaa miaka mitatu akichunguza hesabu za kampuni halisi, kisha akahamia idara ya ushauri wa miamala ya kununua na kuuza kampuni, akitokea hapo kuomba kazi katika benki ya uwekezaji hataulizwa sana alisoma wapi. Njia hiyo ni ndefu, na si haki kwamba wewe uifuate wakati mwingine anapita ya mkato, lakini inapitika, na anayeipitia hufika akiwa na ujuzi ambao wengi waliotangulia hawana.

SWALI: Mwanangu amekubaliwa na vyuo viwili. Kimoja kina jina duniani kote, lakini itatubidi tukope fedha ambazo tutazilipa kwa miaka mingi. Kingine ni chuo kizuri chenye jina dogo, nacho kimempa ufadhili kamili. Anasema anataka kufanya kazi ya fedha. Je, jina lina thamani ya deni hilo?
*Mama mwenye wasiwasi*

JIBU: Mama, wataalamu wamelichunguza swali hili kwa miaka mingi, na matokeo yao yanaonekana kupingana mpaka uyasome kwa makini. Mwaka 2002 Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya kiwango kimoja, lakini baadhi yao wakachagua kwenda kwenye chuo chenye ushindani mdogo zaidi. Baada ya miaka mingi kazini, mapato ya makundi hayo hayakutofautiana sana. Kijana mwenye uwezo wa kukubaliwa kule alifanya vizuri hata alipokwenda kwingine. Waliokuwa tofauti ni wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo. Hao kwenda chuo chenye jina kuliwaongezea mapato.

Mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti mwingine juu ya vyuo kumi na viwili vya juu kabisa vya Marekani. Wao pia waliona kwamba, kwa wastani, vyuo hivyo havipandishi sana mapato yakilinganishwa na vyuo vikuu bora vya umma. Lakini waliona kwamba kusoma huko kuliongeza takriban mara tatu uwezekano wa mtu kuajiriwa na kampuni zenye hadhi ya juu, na kuliongeza sana uwezekano wake wa kufika katika asilimia moja ya watu wenye mapato makubwa zaidi. Ukiuweka utafiti huu kando ya ule wa kwanza, unapata jibu linaloeleweka: jina la chuo halibadilishi sana maisha ya mhitimu wa kawaida, ila hubadilisha sana nafasi ya wachache wanaogombea milango michache iliyo myembamba. Benki za uwekezaji ni miongoni mwa milango hiyo.

Kwa hiyo ni lazima mjue mwanao ana maana gani anaposema fedha. Kama anafikiria uhasibu, benki za biashara, bima, idara ya fedha ya kampuni au ya serikali, basi deni hilo silioni kuwa na sababu, nami ningechukua ufadhili bila kusita. Kama anafikiria benki za uwekezaji peke yake, jina lina thamani ya kweli, lakini kumbukeni kwamba kijana wa umri wake hubadili nia, na akiibadili atabaki na deni lakini si na ile kazi iliyotarajiwa kulilipa. Deni kubwa pia humfunga mtu: humlazimisha kuchukua kazi inayolipa haraka na kuikwepa ile ambayo ingemfaa zaidi baadaye.

Kabla hamjaamua, fanyeni jambo moja ambalo familia nyingi hazilifanyi kwa kudhani kwamba ni utovu wa adabu. Kiandikieni chuo chenye jina, mkiambatisha barua ya ufadhili kutoka chuo cha pili, na muombe msaada wenu wa fedha uangaliwe upya. Vyuo tajiri vina uwezo mkubwa wa kusaidia kuliko ada inayotangazwa inavyoonyesha. Princeton iliondoa mikopo katika msaada wake wa fedha kwa wanafunzi tangu mwaka 2001, na Harvard, Yale na MIT ni miongoni mwa vyuo vinavyodahili bila kutazama uwezo wa familia kulipa, hata kwa wanafunzi wa kigeni, kisha huchangia kile ambacho familia haiwezi.

SWALI: Nilisoma shahada ya kwanza katika chuo cha kawaida. Je, shahada ya uzamili kutoka chuo chenye jina itafuta historia hiyo?
*Mhitimu wa uhasibu*

JIBU: Haiifuti, ila inaweza kukuweka kwenye orodha. Shahada ya uzamili ya fedha ya mwaka mmoja hukupeleka kwenye nafasi za mchambuzi, zile zile wanazogombea wahitimu wa shahada ya kwanza. Shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ambayo kwa kawaida huhitaji miaka kadhaa ya kazi, hukuingiza katika ngazi inayofuata juu ya mchambuzi. Tatizo la ile ya mwaka mmoja ni kalenda niliyoieleza hapo juu: maombi ya kazi hufunguliwa mara masomo yanapoanza au hata kabla, kwa hiyo asiyejiandaa miezi mingi kabla ya kwenda hulipa ada kubwa kwa ajili ya mlango ambao unafungwa wakati yeye bado anatafuta darasa. Kabla ya kulipa, omba takwimu za ajira za wahitimu wa programu hiyo hiyo, si za chuo kizima, na uulize ni wangapi kati yao walikuwa na uzoefu wa benki kabla ya kuingia. Kama utahitaji kibali cha kazi katika nchi ya kigeni, uliza pia ni wangapi walioajiriwa huko walikuwa wageni kama wewe.

SWALI: Nafanya kazi katika idara ya ajira ya taasisi ya fedha, na sipendi tunavyoelezwa kana kwamba tunawaonea wanafunzi. Tunaajiri kutoka vyuo vichache tunavyovijua, tunapata watu wazuri, na gharama ni ndogo. Kosa letu liko wapi?
*Afisa ajira*

JIBU: Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuandika wazi, nami nitakujibu wazi, kwa sababu mtu wa nafasi yako anaweza kubadilisha mengi kuliko wanafunzi wote wanaoniandikia.

Siamini kwamba mna nia mbaya. Lakini unaposema mnapata watu wazuri, unawalinganisha na nani? Wale mliowaacha hamkuwahi kuwaona wakifanya kazi. Mwajiri anayechagua kutoka vyuo vitatu miaka kumi mfululizo, kisha akatazama wafanyakazi wake bora na kukuta wote wametoka katika vyuo hivyo vitatu, hajathibitisha chochote. Kila mwaka orodha hujipa ushahidi wa kuendelea kuwapo, na mkuu wa idara aliyetoka chuo hicho humwona mwombaji wa chuo hicho kuwa mtu anayefanana na watu wa pale.

Kufanana huko ndiko kunakonihuzunisha zaidi. Mwaka 2016 tume ya serikali ya Uingereza inayoshughulikia fursa za watu kupanda kimaisha ilitoa ripoti kuhusu benki za uwekezaji za London, na ndani yake kulikuwa na maelezo ya vijana wenye uwezo walioonekana hawafai kwa sababu walivaa viatu vya rangi ya kahawia na suti au suti isiyowakaa vizuri. Hakuna mteja anayelipa benki kwa ajili ya rangi ya viatu. Vijana wale walikosa tu mtu wa nyumbani wa kuwaambia kanuni ambayo haijaandikwa popote. Taasisi inayowachagua watu kwa namna hiyo hujaza vyumba vya maamuzi na watu waliolelewa mahali pamoja, wanaoona hatari zile zile na kutoziona zile zile, na katika biashara ya fedha hilo ni tatizo la kazi yenyewe mbali na kuwa tatizo la haki.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2015 Ernst & Young, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, nchini Uingereza ilitangaza kuondoa masharti ya daraja la shahada katika hatua ya kuchuja, na mwaka huo huo Deloitte ya huko, kampuni nyingine ya ukaguzi, ikatangaza kwamba wasaili wake hawataonyeshwa jina la chuo cha mwombaji. Mwaka 2016 Goldman Sachs iliacha usaili wa kwanza wa ana kwa ana katika vyuo vya Marekani na kuweka usaili wa video unaorekodiwa, ili wanafunzi wa vyuo ambavyo haikuwa ikivitembelea nao wafikiwe. Sidai kwamba hatua hizo zimemaliza tatizo. Video hufungua lango, lakini mwanafunzi aliyefundishwa na klabu ya chuo chake namna ya kujibu mbele ya kamera bado ana faida.

Kipimo kilicho bora kinajulikana. Uchambuzi wa mwaka 1998 wa Frank Schmidt na John Hunter, uliokusanya tafiti za miaka 85 juu ya namna za kuchagua wafanyakazi, uliweka usaili wenye maswali yaliyopangwa, ambayo kila mwombaji huulizwa sawa na kupewa alama kwa kigezo kimoja, juu ya mazungumzo ya kawaida yasiyo na mpangilio. Paul Sackett na wenzake walipoyarudia makadirio hayo mwaka 2022, walipunguza mengi, lakini usaili wa namna hiyo ulibaki juu kabisa. Wapeni waombaji mizania yenye tatizo ndani yake na muda wa saa moja, mfiche majina na vyuo, kisha msahihishe. Fanyeni hivyo hata kwa sehemu ndogo tu ya nafasi zenu, na baada ya miaka miwili mlinganishe utendaji wa makundi mawili. Kama vyuo vyenu vichache kweli vina watu bora, mtakuwa mmethibitisha. Kwa sasa hamjathibitisha.

SWALI: Nimeambiwa nitafute wahitimu wa chuo chetu walio kwenye benki na niwaandikie. Naona aibu kumwandikia mtu nisiyemjua. Nimwambie nini?
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza*

JIBU: Usione aibu, dada au kaka. Watu waliotoka chuo chenye jina dogo na kufika huko wanakumbuka ilivyokuwa vigumu, na wengi hujibu. Andika barua fupi ya mistari mitano au sita. Jitambulishe kwa jina, chuo na mwaka wa masomo; taja jambo moja la kweli kuhusu kazi yake ambalo umelisoma; kisha mwombe dakika 15 za kuzungumza kwa simu. Usiombe kazi, na usiambatishe wasifu wako katika barua ya kwanza. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kisha mwache. Akikubali, uwe na maswali matatu ambayo majibu yake hayapo kwenye tovuti ya benki: ni nini kilichomfanya aitwe kwenye usaili akiwa na chuo kama chenu, idara gani pale huwachukua watu wa vyuo vingine, na maombi hufunguliwa lini hasa. Mshukuru kwa maandishi siku hiyo hiyo, na miezi michache baadaye mwandikie tena umweleze ulichokifanya kutokana na ushauri wake. Ikiwa hakuna mhitimu hata mmoja wa chuo chenu aliye benki, tafuta waliosoma sekondari yenu, au walioanzia kwenye ukaguzi wa hesabu kisha wakahamia benki, na uanze nao.